Injini Haijawahi Kufunguliwa

Kuna sentensi moja ambayo ningependa ipigwe marufuku kila mahali nduthi zinapouzwa, kuanzia huku kwetu Kibugu hadi Embu mjini: "Hii injini haijawahi kufunguliwa." Broka huitamka kama mzee anayesifu bikira, na mnunuzi anaitikia kwa kichwa, mkono ukiwa tayari kwenye M-Pesa. Haijafunguliwa maana yake nini? Maana yake ni kwamba hakuna mtu ameona gia. Basi.

Nimeshika spana Kibugu kwa miaka kadhaa, na nasema hivi: mtu akinunua nduthi yenye gia zilizokufa, mara nyingi hakukosa bahati. Alinyimwa nusu saa.

Angalia tunavyonunua. Injini inawashwa, inaachwa ingurume ikiwa nyutro, watu watano wanasimama kando wakisikiliza. "Sikia, kama cherehani!" Kweli, kama cherehani. Lakini kwenye nyutro gia hazibebi mzigo wowote. Ndani ya giaboksi gia zimeshikana mbili mbili muda wote. Ukikanyaga gia, uma mdogo wa chuma unasukuma gia moja iteleze kwenye shafti mpaka meno yake ya ubavuni yaingie kwa jirani yake. Meno hayo ndiyo yanayobeba wewe, abiria wawili na gunia la majani chai mkipanda kutoka mtoni. Pembe zake zikilika zikawa mviringo, au uma ukipinda, gia inaruka yenyewe. Haitaruka hapo sokoni mbele ya watu watano. Itaruka mlimani.

Kwa hivyo ipeleke mlimani. Huku kwetu mlima si wa kutafuta. Weka gia ya pili, vuta mafuta, achilia, vuta tena kwa nguvu. Rudia kwa kila gia. Ikitoka yenyewe ikiwa na mzigo, usiambiwe ni cheni. (Hata hivyo angalia cheni na sprokiti kwanza, maana zikiisha nazo hugonga na kuruka, na kuna nduthi nzuri zimekataliwa bure kwa sababu hiyo.) Sauti ya kulia kwenye gia moja tu inaelekeza kwa gia hiyo na mwenzake. Mlio ulio kwenye gia zote, shuku beringi za shafti. Mlio unaosikika kwenye nyutro na kupotea ukishika klachi unatoka kwenye klachi yenyewe au beringi ya shafti inayoingiza nguvu, kwa sababu ukishika klachi shafti hiyo inapumzika. Na mgongo unaojirudia kwa mpigo, ko, ko, ko, ukiongezeka kadiri unavyokimbia? Huenda jino limekatika.

Halafu mwaga oili, injini ikiwa bado na joto. Hapa ndipo broka hukasirika. "Brathe, unataka kuniharibia mali?" Nduthi hizi zetu hutumia oili moja kwa pistoni, klachi na gia, kwa hivyo kila kinacholika ndani kinaacha ushahidi humo. Pitisha sumaku, hata ile ya spika mbovu. Unga laini wa kijivu ni uzee wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu kwa kidole si uzee. Vinavyong'aa lakini sumaku haivishiki vimetoka kwenye alumini au shaba, navyo ni habari mbaya ya aina nyingine. Oili mpya kabisa, nzito kama asali, kwenye nduthi iliyojaa vumbi, hiyo nayo inasema kitu.

Wenye kuuza wana hoja moja ya haki, nami siikatai: injini nyingi huharibikia mikononi mwa mafundi. Tunafungua kwa nyundo na patasi, tunapaka silikoni palipotakiwa gaskiti. Nimeitoa kwa mikono yangu gia iliyochomelewa jino kwa weldingi, kazi ya kipuuzi kabisa, maana moto unaua ule ugumu uliowekwa kiwandani. Na kuna fundi atakayekwambia lazima apasue injini nzima kumbe shida ni springi ya kubadilishia gia, iliyo nyuma ya kifuniko cha klachi, ambayo haihitaji injini kushuka. Lakini sijamwambia mtu yeyote apasue injini sokoni. Mlima, sumaku, klachi. Hakuna boliti inayoguswa isipokuwa ya kumwagia oili.

Tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, nduthi zilimiminika, na mpya ya jana ni mtumba wa leo. NTSA itakuhamishia umiliki bila kuuliza chochote kuhusu gia. Katiba ya 2010, ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na habari anazohitaji, na inataja hata wauzaji binafsi. Sijaona mtu akiisoma ibara hiyo kando ya barabara.

Na hii si hesabu ya pesa tu, ingawa bonasi ya majani chai ya baba yako si pesa ya kuchezea. Kipande cha jino kilichokatika kikiingia katikati ya gia mbili, gurudumu la nyuma linaweza kujifunga papo hapo. Waza mteremko wa murram, mvua imenyesha, na nyuma yako kuna mama amebeba mtoto mgongoni. Huyo mama hakuuliza kama injini imewahi kufunguliwa. Alilipa nauli.

Broka akikataa oili isimwagwe, hajakunyima oili. Amekujibu. Akisema ni hasara, mwambie lita ya oili mpya umekuja nayo.