Mlio wa Gari si Mali ya Dereva

Mhariri amenipa ukurasa mmoja tu, nami nautumia kuzungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtalicheka: ule mlio wa "tii, tii, tii" wa gari linaporudi nyuma. Chekeni tu. Lakini magari ya umeme yameanza kupanda mlima kuja huku kwetu kwenye chai, na wenye magari hayo wameanza kutafuta mafundi wa kuukata mlio huo. Mimi nasema wasiukate, na sababu ninazo.

Mjomba wangu ni mmoja wao. Alinunua gari dogo la umeme lililokwisha kutumika Japani, mojawapo ya yale yanayoteremshwa Mombasa kabla hayajatimiza miaka minane, maana sheria yetu haipokei yaliyozeeka kuliko hayo. Gari lenyewe ni zuri, jamani. Halinywi petroli, halitoi moshi, usiku linachajiwa kwa waya kama simu. Ila likirudi nyuma linalia. Mjomba hufika nyumbani kwa kogo, upande wa Kapkatet, saa nne au saa tano za usiku, na uwanja wenyewe ni mdogo, hivyo hana budi kurudi nyuma mara mbili tatu ndipo aegeshe. Mbwa wanabweka, mtoto mchanga wa jirani anaamka, na asubuhi jirani hasalimii. Fundi mmoja mjini akamwambia hiyo ni kazi ya dakika kumi: ni kukata waya mmoja tu. Au akitaka, atamwekea wimbo wa sikukuu ya kuzaliwa badala ya mlio.

Kogo alisikia mazungumzo hayo akauliza swali moja tu: "Na mimi nitajuaje kwamba unakuja?"

Macho ya kogo yamefifia siku nyingi. Njia ile anaijua kwa masikio. Lori la majani ya chai analitambua likiwa bado mbali, kwa jinsi injini inavyonguruma likipanda kilima, na husogea pembeni mapema. Gari la mjomba halingurumi. Linapokwenda polepole huwezi kusikia chochote isipokuwa kokoto chini ya magurudumu, na mvua ikinyesha hata kokoto husikii. Gari la umeme likishika kasi, magurudumu na upepo hulitangaza. Hatari iko katika mwendo wa pole, hapo uwanjani, sokoni, langoni, na hasa katika kurudi nyuma ambako dereva mwenyewe haoni vizuri.

Sasa hebu tazameni mahali petu palivyo. Ukungu wa asubuhi katika Kericho na Bomet sote tunaufahamu. Kuna siku humwoni mwenzako hatua kumi mbele. Mvua ya mchana ikipiga mabati hata mwalimu hunyamaza mpaka ipite. Barabara zetu nyingi za mashambani hazina kando ya kupitia watu, basi mama mwenye mzigo wa majani mgongoni, aliyeinama, anatembea katika njia ile ile ya magari. Pale kwenye senta ya majani jioni, watu wamejazana na watoto wanacheza, na lori linarudi nyuma kuja kupakia. Ni nani asiyejua kwamba wote husogea kwa kusikia, wala si kwa kutazama?

Mjomba anajitetea kwamba ana kamera nyuma. Ndiyo, anayo. Lakini matope mekundu ya kwetu hayaulizi kamera ruhusa.

Mlio huu si jambo la jana. Ulibuniwa Japani na Matsusaburo Yamaguchi, na kampuni yake ilianza kuutengeneza mwaka wa 1963, wakati karibu magari yote yalikuwa na injini za kunguruma. Ikiwa ulihitajika wakati huo, je, leo gari linapokuja kimya kama paka? Huko Marekani waliopiga kelele kwanza juu ya magari ya kimya walikuwa vipofu, kupitia shirikisho lao, na Januari 2011 Rais Obama akatia sahihi sheria ya kuyataka magari hayo yatoe sauti. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021, kila gari jipya la umeme lazima lisikike tangu linapoondoka mpaka kilomita 20 kwa saa, na linaporudi nyuma pia.

Na huo wimbo wa fundi? Wazungu nao walijaribu mzaha wa namna hiyo. Magari ya Tesla yalikuwa na kitu kilichomwezesha dereva kupiga muziki au sauti za kuchekesha nje ya gari kupitia spika ile ile ya kuwaonya wapita njia. Februari 2022 kampuni ililazimika kuyarekebisha magari zaidi ya 578,000 huko Marekani, kwa kuwa sauti hizo ziliweza kuufunika mlio wa onyo. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, serikali yao ikaliacha pendekezo lililotolewa 2019 la kumruhusu dereva ajichagulie mlio autakao. Mtoto akisikia wimbo wa kuzaliwa atakimbilia gari, hatalikimbia!

Hata hivyo sitaki kumdharau jirani yule asiyelala. Usingizi wa mtoto ni haki, na sisi tunaosoma prepu usiku tunajua kelele ni nini. Tena "tii, tii" ina kasoro yake: kwa kuwa ni sauti ya namna moja tu, sikio halitambui upesi inatoka upande gani, na huku kwenye vilima na mabonde inasikika mbali kwa watu isiowahusu. Ipo aina nyingine, inayofanya "shhh, shhh" kama maji ya mfereji. Hiyo ina sauti nyembamba na nene zikiwa pamoja, hivyo aliye karibu hujua mara moja inatoka wapi, na aliye mbali haisikii sana. Ulaya huwekwa katika malori yanayopeleka mizigo usiku. Mjomba akibadilisha namna hiyo sitampinga, maadamu kwanza amsimamishe kogo nyuma ya gari, mbali kidogo, amwulize kama anaisikia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenye magari. Wao husema, gari ni langu, waya ni wangu. Kweli, viti ni vyako, redio ni yako, ifungue au uifunge upendavyo. Lakini ile spika iliyoelekezwa nje haikuwekwa kwa ajili yako wewe uliye ndani. Iliwekwa kwa ajili ya kogo. Ukiikata bila kumwambia, umemnyang'anya kitu chake, tena yeye hatajua kimekwenda mpaka siku atakapokihitaji.

Swali moja linanishinda, nami nawaachia wanachama wa Chama cha Kiswahili tulijadili muhula ujao. Pikipiki za umeme zimeanza kuenea nchini, na huenda tukaziona nyingi hapa kwetu. Pikipiki hairudi nyuma, na yenye betri huteremka mlima kimya kabisa, haina hata waya wa kukata. Je, hizo tuzifunge kengele kama baiskeli za zamani? Mwenye wazo aniandikie kupitia kwa mhariri.