Hawanilipi, lakini sifanyi bure

Shemeji yangu anayeishi Mwanga mjini ana swali lake moja, harusini ataniuliza, msibani ataniuliza: "Mwalimu, hivi hao akina mama wa ziwani wanakulipa shilingi ngapi?" Nikimwambia hawanilipi, ananitazama kama mtu aliyeibiwa na bado hajagundua. Simlaumu. Nchi hii ukiona mtu ameketi chini ya mti na wanawake, daftari mkononi, unajua hapo pana mradi, na penye mradi pana posho.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilizaliwa Usangi, juu milimani, nikaolewa tambarare, kata ya Jipe. Kazi ninayoifanya tangu nistaafu ni kufundisha vikundi vya kuweka na kukopa, hivi tunavyoviita vicoba. Ziwa letu, Jipe, tunaligawana na Wakenya. Maji yake yanaletwa na mto Lumi kutoka upande wa Kilimanjaro, yanatokea mto Ruvu kwenda Nyumba ya Mungu. Ukilitazama leo kutoka ufukweni, sehemu kubwa unaona mafunjo na magugu. Mtumbwi unapita kwenye vichochoro. Samaki wamepungua. Ukilima, tembo wanavuka kutoka upande wa Tsavo na kumaliza shamba usiku mmoja. Mama anayenunua samaki kwa wavuvi, akawabanika na kuwapeleka mnadani, anahitaji mtaji leo, na asipoupata kwa wenzake ataupata kwa wakopeshaji wa riba kubwa, wale wa "kausha damu".

Ndiyo maana ya kisanduku cha kikundi. Kina kufuli tatu. Funguo wanashika wanawake watatu tofauti, na kisanduku chenyewe analala nacho wa nne. Kila wiki mtu ananunua hisa mbele ya wenzake, anatoa kidogo cha mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba, na aliyechelewa analipa faini. Mwaka ukiisha wanavunja na kugawana. Mtindo huu haukuzaliwa kwetu. Shirika la CARE lilianza nao Niger mwaka 1991, miaka kumi hivi baadaye ukafika Zanzibar, kisha bara. Lakini sisi tuliozoea msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, hatukuona ugeni mkubwa. Kwenye msaragambo pia hakuna anayelipwa kuchimba mfereji au kusafisha ndiva, bwawa la maji ya kumwagilia, na asiyetokea anatozwa.

Sasa nieleze nalipwa nini.

Kulikuwa na mama mmoja, mtu mzima kuliko mimi, aliyekuwa akikaa nyuma kabisa na kuweka dole gumba badala ya sahihi. Hisa ananunua, neno hasemi. Siku moja mweka hazina amemaliza kuhesabu, ametaja jumla, nami nimeitikia kwa kichwa. Yule mama akanyoosha mkono. "Mwalimu, hesabu irudiwe." Wenzake wakaguna, jua lilikuwa kali na watu wana samaki wa kuwahi. Ikarudiwa. Ilikuwa sahihi, haikupungua hata mia. Nilimtazama nikidhani ataona aibu. Akasema tu, "Haya, sasa nimeridhika," akafunga mtandio wake.

Siku ile nililipwa. Mtu aliyefundisha darasani maisha yake yote anajua tofauti ya mwanafunzi anayekukubalia na mwanafunzi anayekukagua, na wa pili ni adimu.

Na haikuishia kwenye kisanduku. Mkutano mkuu wa kijiji ulipofika, ni yeye aliyeuliza mapato na matumizi mbona hayajasomwa. Chukua na mambo ya ardhi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Viti hivyo vitatu vinajazwa, sibishi. Ila nimeona mabaraza ambayo wale watatu kazi yao ni kuitikia, shauri la mjane na shamba lake linasuluhishwa na wanne. Sheria imetoa kiti. Sauti ya kukalia kiti hicho inafundishwa mahali pengine, na mimi nimeiona ikifundishwa kwenye shilingi mia tano za hisa.

Wanaodhani ujasiri huu umeletwa na semina waulize habari za mbiru. Miaka ya 1945 na 1946, watu wa Upare walipokataa kodi hiyo ya mbiru, ya kukadiriwa, wanaume walishuka kwa maelfu wakakaa Same kushinikiza. Usangi wakabaki wanawake. Inasimuliwa kwamba mkuu wa wilaya alipopanda huko walimzingira, wakamwambia amalize shauri wawapate waume zao, la sivyo awape mimba yeye mwenyewe. Kodi ile haikudumu. Hakuna aliyesaini fomu ya posho siku ile.

Lakini hapa naomba tuelewane, maana najua nani atayachukua maneno yangu na kuyatumia. Mimi nina pensheni. Ninaposema furaha inanitosha, nasema nikiwa nimekula. Binti mwenye watoto wawili anayezunguka vitongoji kwa bodaboda kufundisha vikundi, ukimwambia malipo yake yako moyoni, unamdhulumu kwa maneno matamu. Tumewafanyia hivyo kwa miaka mingi wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wengi wao wanawake. Na nimegundua kwamba wanaosifu sana kujitolea huwa wanazungumza saa za kazi, wakiwa na mshahara.

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka uliofuata, na ni jambo jema. Ila kuna vikundi vinavyozaliwa wiki ya kuchukua fomu na kufa wiki ya kugawana fedha, kwa sababu hakuna aliyekaa nao chini ya mti kabla. Kukaa huko ndiko hakuna fungu. Sidai posho ya kikao, kwa maoni yangu posho ingetuletea wafundishaji wasiotakiwa. Nadai nauli, madaftari na vocha ya simu kwa wanaokwenda vijijini, viandikwe kwenye bajeti ya halmashauri, Mwanga na Same pia. Furaha tutajitafutia wenyewe.

Mwezi huu wanawake wawili wa kikundi chetu wanaanza kufundisha kikundi kipya Kwakoa. Mmoja ni yule mama wa dole gumba. Siku hizi anaandika jina lake, herufi kubwa, polepole. Nauli yao safari hii inatoka kwenye pensheni yangu. Bodaboda hawatoi risiti, kwa hiyo nimewaambia waandike kila shilingi kwenye daftari, tarehe na mahali, kwa sababu nitalipeleka kwa diwani.