Kabla Fundi Hajaifuta Kompyuta

Mwezi huu tunajibu swali lililotufikia kutoka Kaliua, mkoani Tabora. Kikundi cha akina mama wa usharika mmoja huweka hesabu za hisa na mikopo katika kompyuta ya katibu wao. Mvua ilinyesha, radi ikapiga, kompyuta ikazimika. Fundi amesema mazabodi imeungua. Atafunga nyingine, kisha atapiga Windows upya. Je, wamkubalie?

Jibu letu ni hili: mazabodi ibadilishwe, lakini Windows isipigwe upya kwanza. Mara nyingi kupiga Windows upya ni kuifuta diski na kuanza moja. Kikundi kisichoweza kuonyesha nani ameweka hisa ngapi na nani anadaiwa hakipotezi hesabu tu. Hupoteza kuaminiana, na wanawake waliosali pamoja miaka mingi huanza kutazamana kwa shaka.

Mazabodi na diski ni vitu viwili. Tuchukue mfano wa stesheni ya Kaliua, ambako reli itokayo Tabora hugawanyika, moja ikaenda Kigoma na nyingine Mpanda. Mazabodi ni kama stesheni hiyo: huunganisha njia. Diski ni behewa lenye mzigo. Stesheni ikiharibika, mzigo unaweza kuwa mzima. Windows nayo imo ndani ya diski, ila imezoea njia za stesheni ya zamani. Kazi ya fundi ni kuifungulia njia mpya.

Kwa hiyo mwombeni fundi, kwa heshima, afuate utaratibu huu.

Kwanza, aitoe diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine, kwa maana radi huweza kuunguza diski pia. Ikisomeka, mafaili yote yanakiliwe mahali pengine, mwenye kompyuta akiona kwa macho yake. Lakini angalieni: katika baadhi ya laptop za bei nafuu, hifadhi imegandishwa kwenye mazabodi yenyewe. Hapo mazabodi ya zamani isitupwe wala kuuzwa, maana mzigo umo humo.

Pili, baada ya kufunga mazabodi mpya, arekebishe tarehe na saa, kisha apange namna ya kuwaka na namna ya kusoma diski iwe kama ilivyokuwa katika mazabodi ya zamani. Mipangilio hiyo miwili ikitofautiana, Windows hukwama njiani, ndipo wengi husema imekufa.

Tatu, awe na subira. Windows 10 na 11 zikiwaka juu ya mazabodi mpya hutambua vifaa upya, na huweza kujizima na kujiwasha mara kadhaa. Windows za zamani ni ngumu zaidi.

Nne, msishtuke kompyuta ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Kompyuta nyingi za sasa hufunga diski kwa siri, na sehemu ya siri hiyo hukaa katika mazabodi. Ikibadilishwa, kompyuta hudhani imeibiwa. Mara nyingi ufunguo huo huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, naye anaweza kuifungua hata kwa simu. Akikosekana ufunguo, mafaili hayafunguki, hata fundi awe hodari namna gani.

Tano, leseni. Windows huitambua kompyuta kwa mazabodi yake, hivyo huenda ikaandika kwamba haina leseni. Hilo halifuti mafaili. Kama leseni ilikwisha kuunganishwa na akaunti ya Microsoft, fundi aingie kwenye mipangilio, sehemu ya leseni, aeleze kwamba kifaa kimebadilishwa. Leseni iliyonunuliwa peke yake huweza kuhamishwa. Ile iliyokuja na kompyuta imefungwa na kompyuta hiyo, na huenda ikahitaji maelezo zaidi kwa Microsoft.

Yote yakishindikana, na nakala zikiwa salama mkononi, hapo ndipo Windows ipigwe upya. Wasio na fedha za leseni wanaweza kuwekewa Ubuntu, ambayo hutolewa bure tangu mwaka 2004, na kwa kawaida haigombani na mazabodi mpya.

Basi, akina mama, tusingoje radi nyingine. Mvua ikianza kunguruma, tuchomoe waya ukutani, maana kuzima kwa swichi tu hakutoshi. Kila baada ya kikao, hesabu zinakiliwe kwenye flashi itakayokaa kwa mweka hazina, si kwa katibu, na ukurasa wa jumla uchapwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi. Ufunguo wa tarakimu 48 uandikwe leo, kompyuta ingali inawaka, na kufungiwa pamoja na katiba ya kikundi.

Kitabu cha Mithali, sura ya 27, kinamhimiza mfugaji aijue vema hali ya mifugo yake. Sisi tuliokabidhiwa akiba za wenzetu, nyingine zikiwa za wajane, tunalo zizi la kulinda. Tulihesabu mara kwa mara, na tusimwachie fundi peke yake.