Fungate ya Siku Saba, Bembea za Siku Mbili

Safari hii safu yetu haina kitabu cha kuhakiki wala methali ya kuchambua. Tuna harusi. Dada mmoja aliyekuwa mwanachama wa klabu hii mpaka alipohitimu, na ambaye ni binamu wa mmoja wetu, anaolewa Wembley mwezi Agosti. Majina tunayahifadhi, maana bibi yake husomewa jarida hili kila linapotoka na hatutaki kunyimwa mahamri.

Bi harusi ni muuguzi, kwao Mombasa. Bwana harusi ni mtu wa Unguja, dereva wa basi la usiku. Yeye hurudi kutoka kazini alfajiri, wakati mchumba wake anafunga kamba za viatu kwenda zamu. Likizo waliyofanikiwa kuipata pamoja ni siku saba baada ya harusi, basi. Baada ya hapo watakuwa watu wa kupishana mlangoni na kuachiana funguo. Na siku hizo saba wamekusudia kuzitumia kwenye bustani ya burudani: bembea kubwa, mashine za kurusha watu angani, na rola kosta, kile kitreni kinachopanda taratibu kisha kinashuka kama jiwe.

Bibi aliposikia aliuliza swali moja tu. "Fungate gani hiyo ya kurushwarushwa?"

Hapa sisi wanafunzi wa lugha tukaingilia, kwa sababu bibi amelitumia neno sawasawa. Fungate si "honeymoon" iliyovishwa kanzu. Ni neno la kale la Kibantu lenye maana ya saba. Kabla Kiswahili hakijachukua sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, saba yetu ilikuwa na asili moja na ile ambayo Wagiriama wanaihesabu mpaka leo: fungahe. Saba ya hesabu ikatuponyoka, ikabaki saba ya harusi. Kwa hiyo Mwingereza anahesabu mwezi, Mwarabu naye ana mwezi wake wa asali, lakini Mswahili anahesabu siku, na anazijua ni ngapi. Kwa hesabu hiyo likizo ya hawa wawili ni fungate kamili, haikupungua hata siku moja. Tulimwambia bibi hivyo. Akasema hesabu anaijua, anachouliza ni nani atakayewapikia.

Na hilo ndilo hasa. Kwa alivyolelewa yeye katika Mji wa Kale, Mombasa, fungate ni kutulia. Bwana harusi anaingia nyumbani kwa bi harusi, na kwa siku saba wawili hao hawanyanyui hata kijiko: wanapikiwa, wanafukiziwa udi, somo yupo karibu kumwelekeza bi harusi, na dunia nzima inasubiri nje. Kwenda kupanga foleni chini ya jua, umebeba begi, ili ukafungwe mikanda na kupiga kelele mbele ya watu usiowajua, ni kinyume cha kila kitu alichokifahamu.

Lakini nyumba ile ilikuwa na ghorofa, na maharusi walipewa juu. Fleti ya Wembley ina vyumba viwili, na kuta zake ni za aina ambayo mtu akipiga chafya chumba cha pili, wewe unamjibu "yarhamukallah" bila kuinua sauti. Na maharusi hawatahama. Kodi za London tunazijua sote. Kwa mwaka wa kwanza, pengine wa pili, wataishi humohumo na bibi. Bi harusi hakuwahi kulitamka hili mbele yake, ni sisi alituambia, jikoni, maji ya bomba yakiwa yamefunguliwa: usiku atakaolala mahali pasipo na mtu wa upande wa pili wa ukuta ni ule atakaoulipia mwenyewe. Tangu hapo hatukuziona bembea kama utoto tena.

Mpango wa kwanza ulikuwa Disneyland Paris. Alikuwa akiitamani tangu darasa la nne. Tatizo ni pasipoti. Yake ni ya Uingereza, ya mchumba wake ni ya Tanzania, na mwenye pasipoti ya Tanzania, hata awe anaishi na kufanya kazi London kihalali, anahitaji viza ya Schengen ili kuvuka kwenda Ufaransa. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Zamani, Uingereza ilipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya, kuwa na mke Mwingereza kungemrahisishia njia. Sasa haisaidii kitu. Hata ile treni iliyokuwa ikitoka London moja kwa moja mpaka mlangoni mwa Disneyland ilisimamishwa Juni 2023. Wakapiga hesabu ya ada, ya siku za kusubiri miadi, ya kukaa wiki nzima bila kujua, wakaifunga ile tovuti. Bwana harusi alisema hataki kuianza ndoa yake kwa kuombea ruhusa ya kumwona panya. Sisi tulicheka. Bi harusi hakucheka sana.

Mpango wa pili, ambao ndio uliosimama, ni Alton Towers, kule Staffordshire. Kutoka Wembley Central unapanda treni mpaka Euston, kutoka Euston mpaka Stoke-on-Trent, kisha basi au teksi. Hakuna afisa wa kumwonyesha pasipoti popote njiani. Palikuwa makazi ya masharifu wa Kiingereza. Jumba lao lililobaki magofu bado lipo katikati ya bustani, na mashine za kisasa zilianza kuwekwa mwaka 1980. Bwana harusi, ambaye hajawahi kupanda chochote kikubwa kuliko pembea za Kariakoo, Unguja, siku za sikukuu, alifurahi aliposoma kwamba hapo hairuhusiwi kujenga mashine inayopita vilele vya miti. Furaha haikudumu. Kwa kuwa juu hawaruhusiwi, walikwenda chini: rola kosta ya Nemesis, ya mwaka 1994, ilichimbiwa shimo kwenye mwamba, na watu hupita humo miguu ikining'inia. Ile iitwayo Oblivion inakusimamisha ukingoni, unachungulia shimo, kisha inakutumbukiza. The Smiler, ya 2013, inakupindua mara 14. "Mimi," alisema yule dereva, "kazi yangu ni kufunga breki polepole abiria wasimwage chai."

Mwenzake anazo video zote. Anajua ipi ipandwe asubuhi foleni ikiwa fupi, na ushungi gani usiopeperuka: ule wa michezo, wa kuvaa kichwani bila pini. Amekwishaiandikia hoteli kuuliza chakula cha halali na kujibiwa. Jioni mtu anamkuta amelala kwenye sofa, simu juu ya uso, anapinda pamoja na reli.

Sisi, kwa upande wetu, tulimtafutia bibi hoja ya historia, na hoja hiyo tuliipata chini ya dirisha lake. Wembley yenyewe ilikuwa bustani ya burudani. Miaka ya 1890 tajiri wa reli, Edward Watkin, alianza kujenga hapo mnara wa kuushinda ule wa Eiffel. Ukafika hatua ya kwanza, fedha zikakatika, ukabomolewa 1907. Penye mnara ndipo ukajengwa uwanja wa mpira wa 1923. Tarehe 23 Aprili 1924 Mfalme George wa Tano akafungua hapo Maonyesho ya Dola ya Uingereza, na pembeni mwa majumba ya makoloni kulikuwa na eneo kubwa la bembea na rola kosta, na reli ya mabehewa yasiyosimama kamwe, watu wakipanda na kushuka yakiwa yanatembea. Katika misimu miwili waliingia watu kama milioni 27. Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilikuwa na jumba lao la Afrika Mashariki. Yaani mtu wa London wa 1924 aliyetaka kumpeleka mkewe fungate angeweza kuiona Zanzibar na kupanda rola kosta siku moja.

Kuna kijembe humo. Desemba ya mwaka uleule Mtawala wa York, ambaye baadaye alikuwa Mfalme George wa Sita, alishuka Mombasa na mkewe, hawajatimiza miaka miwili ya ndoa, wakazunguka Kenya na Uganda kwa matembezi na kuwinda. Mwaka uliofuata ndiye aliyehutubia kuyafunga maonyesho ya Wembley. Hatukusoma popote kwamba aliulizwa viza.

Bibi alisikiliza yote kwa makini. Kisha akasema kuwa yeye mwenyewe, msichana, alikuwa akiwakimbia wadogo zake Idi kwenda kwenye bembea za Makadara, na alikuwa akipanda mara tatu. Kwa hiyo bembea si neno. Neno ni siku.

Zikagawiwa siku. Tatu za mwanzo ni za nyumbani: wanapikiwa, hawashiki ufagio. Ya nne wanapanda treni, wanalala huko usiku mara mbili, ya sita wanarudi. Ya saba ni ya bibi, na wali wa nazi. Katika zile siku tatu za nyumbani yeye atalala kwa mwanawe, Harrow. Hakuna aliyemwomba. Alilitamka akiwa anapepeta mchele, akageuza mazungumzo, na bi harusi akaenda kusimama kwenye roshani kwa muda.

Lililobaki ni la somo, ambaye ni shangazi, na ambaye anashikilia kuwa somo halali mbali na mwari wake, hivyo naye akatiwe tiketi. Nemesis inataka mtu mwenye kimo cha mita 1.4. Shangazi amejipima mlangoni, na amepita.

Kwa wanachama mtakaohudhuria: siku ya kupamba imeangukia siku ya tamasha uwanjani, na mitaa yote ya jirani hairuhusu kuegesha gari bila kibali. Njooni kwa treni. Wenye masufuria ya pilau tutawapokea Wembley Central, mlango wa barabara kuu, saa nane mchana.