NGUO YA KWENDA KUOMBA KAZI



Sisi watu wa reli hupewa yunifomu. Mama anayekwenda kuomba kazi ya kufagia ofisi, ni nani ampaye? Tumemwona mjane wa mwenzetu akirudishwa langoni kwa ajili ya gauni lililochanika, hata jina hajaulizwa.

Katika miaka ya 1990 huko New York, Nancy Lublin, mwanafunzi wa sheria, alitoa dola 5,000 za urithi wake akaanzisha Dress for Success, akisaidiwa na watawa watatu. Wanawake maskini hupewa nguo safi za kwenda kuombea kazi, na leo jambo hilo limeenea nchi nyingi.

Sisi hatuna urithi, lakini tuna masanduku. Kila tawi liweke kabati moja. Leteni gauni zima, lililofuliwa, vifungo kamili. Matambara yabaki kwenu. Akina mama wenyewe washike ufunguo na kuchagua, bila foleni mbele ya watu, maana kusitiriwa si kuaibishwa.

Lakini matajiri wasifurahi upesi. Nguo ya msaada si mshahara. Mama akishapata kazi, tutadai alipwe ujira wa kujinunulia gauni lake mwenyewe.