Mpunga wa Zongwe: tuanze na maji, trakta itangoja

Wandugu vijana wa Kalemie,

Ziwa Tanganyika liko mbele yetu, mto Lukuga unatokea hapa hapa kwetu, na bado tunanunua mchele wa ng'ambo. Hiyo si laana. Ni makuta kuwekwa pasipofaa.

Kila kiongozi anasema kilimo njo kitu cha kwanza. Mu 2003, kule Maputo, inchi za Afrika, na yetu ndani, ziliahidi kilimo asilimia 10 ya bajeti. Mu 2014, Malabo, zikarudilia. Mwaka ule ule serikali ikafungua Bukanga Lonzo na matrakta na hotuba. Zaidi ya dola milioni 200 zikaingia mule. Mu 2025 tulisikia hukumu ya Korti ya Katiba, mavuno hatukuyaona.

Kwa mpunga, sisi vijana tunapanga hivi:

Kwanza, maji. Kama mkulima hawezi kuingiza wala kutoa maji shambani, mbolea yake inaenda na mvua. Trakta haichimbi mfereji.

Pili, mbegu safi. Mbegu iliyochanganyika inaiva kwa vipande: huku tayari, huku mbichi.

Tatu, sakafu ya kukaushia na mashini ya kukoboa. Kilo 100 za mpunga mzuri zinatoa karibu kilo 65 za mchele. Ukikaushwa vibaya, punje zinavunjika. Bila vitu hivi viwili, mama anauza mpunga siku ya mavuno kwa bei ya mnunuzi, halafu wakati wa njaa ananunua mchele kwa bei ya butike.

Nne, barabara. Trakta nyuma, jeep ya ofisi nyuma zaidi.

Watatujibu: makuta ni kidogo. Sawa! Njo sababu ya kuchagua. Mwenye mengi anaweza kukosea. Maskini akikosea, watoto wanalala njaa.

Waheshimiwa wabunge wa jimbo, kikao cha Septemba ni cha bajeti. Toeni hadharani mstari wa kilimo, mradi kwa mradi, franka kwa franka. Tuonyesheni mifereji ya Zongwe iko wapi mule.

Na siye vijana, tusibaki kulalamika mu WhatsApp. Diplome tunazo, kazi hatuna, lakini kusoma bajeti tunajua. Twende tukae mule bungeni, tusikilize, tuandike, tuulize.

Mfereji kwanza. Sherehe baadaye.