Hasira ya Kwale Ina Pa Kwenda

Vijana wa Diani na Msambweni wana haki ya kukasirika, na sitamwambia hata mmoja wao atulie. Anayezaliwa Kinondo au Galu anakua akiona njia alizopita babu yake kushukia baharini zikizibwa kwa kuta, moja baada ya nyingine. Msambweni kuna wazee wanaolima shamba walimozikwa wazazi wao, na bado kwenye makaratasi ya serikali ni maskwota. Na kuna nyumba ambazo kijana alichukuliwa usiku na watu waliojitambulisha kuwa polisi, na mpaka leo hakuna kesi wala kaburi. Anayesema hayo si ya kukasirikia hajawahi kukaa kwetu.

Ninalolipinga ni neno ninalolisikia sasa kwenye maskani za bodaboda kuanzia Ukunda hadi Mwabungo: "Shangazi, hawa dawa yao ni moto." Mimi ni msaidizi wa kisheria, kazi yangu ni kuwaandikia watu malalamiko yao na kuwafuatilia kesi zao. Kwa kuwa wananiita shangazi, nawajibu kama shangazi. Nawaambia wakae kwanza niwaeleze moto wa 1997 ulimchoma nani.

Usiku wa Agosti 13 mwaka ule, vijana waliokula kiapo msituni Kaya Bombo walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kubeba bunduki. Vikaratasi vikasambazwa vikiwataka watu wa bara wafungashe virago. Ghasia zilipopoa, zaidi ya watu 100 walikuwa wameuawa na wapatao 100,000 wamekimbia makwao. Uchaguzi Mkuu ulikuwa Desemba. Tume ya Jaji Akilano Akiwumi iliundwa 1998 kuchunguza ghasia hizo na kusikiliza majina ya wanasiasa yakitajwa, lakini ripoti yake ilikaliwa mpaka 2002. Waliotumia hasira ya vijana wetu walirudi kwenye magari yao.

Nilikuwa msichana wa shule Ukunda. Mama wa kutoka bara aliyetukopesha sukuma wiki mama yangu alipokosa hela aliondoka na watoto na godoro moja, na kibanda chake sokoni kilibaki majivu. Huyo hakuwa amemnyang'anya mtu ardhi. Watalii wakakatiza safari, hoteli za Diani zikapunguza wafanyakazi, na miongoni mwa waliorudishwa nyumbani walikuwamo akina mama wa Kidigo waliotandika vitanda vya wageni. Kisha ukaja msako. Polisi waliingia vijijini Kwale, wakapiga na kutesa, wanaume wakawa wanalala msituni. Madai yalikuwa ya kweli, ya ardhi na ajira. Lakini sijaona ekari hata moja iliyorudi kwa sababu ya mapanga yale, na kwa miaka mingi baadaye Mdigo akitaja ardhi alionekana mhalifu.

Sasa tazama madai yaleyale yalipopita mlango mwingine. Oktoba 2010 serikali ilipiga marufuku kundi lililobeba madai hayo, Mombasa Republican Council, MRC, pamoja na makundi mengine zaidi ya 30. Mtu anaweza kupinga kauli yao ya Pwani kujitenga na Kenya, na mimi naipinga. Lakini walikwenda mahakamani. Julai 25, 2012, majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Mombasa waliifuta marufuku ile: haikupatana na Katiba, na mtu anayetenda kosa ashtakiwe yeye mwenyewe kwa kosa lake. Serikali yenye wanasheria wake wote ilishindwa na watu wa kawaida wa Pwani.

Najua mtakaloniuliza, kwa sababu huniuliza kila mara. Oktoba ya mwaka uleule polisi walivamia nyumba ya mwenyekiti wa MRC, Omar Mwamnuadzi, huko Kombani, na watu wakauawa. Hukumu haikuwa ngao. Ni kweli, na inaniuma. Hata hivyo hukumu ile haikufa: serikali ilikata rufaa na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikaikataa. Leo mtu yeyote anaweza kuisimamia. Kiapo cha Kaya Bombo hakuna anayeweza kukisimamia popote.

Tena mlango huo wa mahakama uko karibu kuliko tunavyodhani. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kufungua shauri haki yake ikivunjwa, na kinasema kulifungua kusitozwe ada. Kanuni za mashauri hayo za mwaka 2013 zinairuhusu mahakama kupokea barua ya kawaida, hata maneno ya mdomo yatakayoandikwa na mahakama yenyewe. Mahakama ya Mazingira na Ardhi inakaa Kwale. Malalamiko dhidi ya polisi yana IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kesi nyingi zinazonifikia hufia njiani kwa jambo dogo: mtu amepigwa na hakuchukua namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, hakujaziwa P3, fomu ya majeraha, shahidi amehamia Lungalunga bila kuacha namba ya simu, picha ya njia kabla ya kuzibwa haipo.

Na kuna jambo ambalo hatulisemi kwa sauti. Katika miaka kadhaa baada ya 2014 wazee wa Nyumba Kumi, mpango wa ulinzi wa majirani, waliuawa huku Kwale kwa kushukiwa kupeleka habari polisi. Vijana nao waliuawa kwa kushukiwa ugaidi. Wote walihukumiwa gizani, bila kusikilizwa. Siwezi kudai haki ya kijana aliyepotea nikanyamaza kuhusu mzee aliyekatwa mbele ya wajukuu wake, wala siwezi kufanya kinyume chake. Polisi anayeua mtuhumiwa amechukua sheria mkononi kama kundi la mtaani, na kosa lake ni kubwa zaidi kwa kuwa analipwa kuilinda.

Kwa hiyo dai langu si kwa vijana peke yao. Kwale ina wadi 20. Ili kesi zisifie tena njiani, serikali ya kaunti na wabunge wetu wanne waweke katika kila wadi msaidizi wa kisheria anayelipwa, mwenye meza, fomu na nauli ya kumfikisha shahidi mahakamani. Bajeti ikiandaliwa mwaka huu, vijana waende kwenye vikao vya maoni ya umma waulize fungu hilo liko ukurasa gani, na jibu waliandike.